Mama Hakususa Chakula cha Mtanda

Kilwa Kivinje,
Jumapili, baada ya chai ya asubuhi.

Kwa mdogo wangu Yasini, huko Likawage.

Marahaba. Naitikia kabla hujanisalimu, maana najua ungekuwa mbele yangu ungeanza na shikamoo hata kama umenuna mpaka masikioni, ndivyo tulivyolelewa. Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. U mzima, mdogo wangu? Kifua chako kinapatana na vumbi la huko bara? Unakula nini, nani anakufulia, na hayo mapaa ya watu unayopanda kufunga sola yana ngazi ya maana au unaparamia tu kama kawaida yako? Huku sote tu wazima, alhamdulillahi. Mama ni mzima. Nimelikoleza wino neno hilo, na ukisoma mpaka mwisho utajua kwa nini.

Najua utacheka kwamba zama hizi mtu anaandika barua. Sasa ningefanyaje? Ukipigiwa, simu haipatikani. Nikituma ujumbe wa WhatsApp, tiki moja, wiki nzima tiki moja. Nilikurekodia sauti moja ya matusi, nikaona aibu nikakurekodia nyingine ya upole, zote zimekaa hapo hazijasikilizwa. Ndipo juzi Ambrosi, yule dereva anayefuata ufuta huko kwenu, akaniambia kwamba amekuona, umekonda, na ulipoulizwa habari za nyumbani ulisema huna nyumbani. Loo! Huna nyumbani, Yasini? Nikamwambia asubiri, nina mzigo wa kumpa. Nimemwapiza asikukabidhi mpaka uketi chini, na asiondoke mpaka akuone umefungua. Kwa hiyo usiikunje ukaitia mfukoni. Nilikubeba mgongoni mpaka nikaota sugu, nakujua.

Nianze na siku ile ya Mtanda. Ulikuwepo, lakini nataka uione tena kwa macho yangu, maana wewe ulikuwa umekaa na wanaume na uliona kidogo tu.

Tulitoka hapa alfajiri, mimi, mama na Mjomba Khamisi kama msemaji wetu, kwenda Mtanda, pale Lindi, kukuposea Justa. Ukatupokea stendi, ukatupeleka. Nikuambie kweli, mimi nilikwenda na roho yangu mkononi. Sisi Waislamu wa Kivinje, wao Wakristo waliotoka Makonde huko juu. Si jambo geni pwani hii, lakini kila nyumba ina maneno yake. Nikakuta watu waungwana. Mama Anjelina, mama yake Justa, alinichukua uani nikanawe, akanionyesha bila kujionyesha kwamba jogoo alichinjwa na Mzee Pazi, jirani yao anayeadhini msikitini, tena kwa bismillahi, na kwamba sufuria zote tatu ni mpya. Moja ilikuwa bado ina karatasi ya dukani imeng'ang'ania ubavuni. Niliiona kwa macho yangu, wallahi. Mtu kanunua sufuria mpya ili mama yetu ale bila wasiwasi.

Kikaletwa chakula. Wali, kuku, pweza wa nazi. Mkweo Mzee Edwin akaeleza kwamba katika nyumba yao, mgeni mkubwa wa kike hulishwa tonge la kwanza kwa mkono wa mama mwenye mji, na akishalishwa si mgeni tena. Mama Anjelina akanawa, akaviringa tonge zuri na kipande cha pweza juu, akapiga magoti mbele ya mama. Na mama yetu, ambaye tangu tulipoteremka kwenye basi alikuwa ameshika kanga mdomoni na kuitikia salamu kwa kichwa tu, akaigeuza sura yake ukutani. Akafumba macho. Akaikandamiza ile kanga puani na mdomoni kama mtu aliyekutana na harufu. Mkono wa Mama Anjelina ulibaki hewani. Justa alikuwa mlangoni na jagi la maji, akaona vyote. Hakuna aliyekula vizuri baada ya hapo, na Mzee Edwin alitusindikiza mpaka barabarani kwa adabu tu, si kwa mapenzi.

Ya kwenye basi unayajua, maana ni yako. Ulimwambia mama aseme tu kwamba hamtaki mkwe Mkristo, aseme kwa mdomo wake, akuondolee kihoro. Hakusema. Ukamwambia kwamba alikuharakishia hiyo posa makusudi apate pa kuivunjia. Akatazama dirishani. Ulipoteremka Nangurukuru ulikata kauli kwamba hutatia mguu Kivinje mpaka mama aende Mtanda, chumba kile kile, akamwombe radhi Mama Anjelina. Nilitaka kukuzaba kofi, na papo hapo nilitaka kukuunga mkono. Hata mimi nilidhani kasusa.

Baada ya siku chache ukarudishwa ule mkeka. Hilo hulijui. Ule mkeka wa ukindu wa rangi, ambao mama aliusuka mwenyewe amtunze Justa, tukawaachia siku ile, ulikuja na basi umeviringwa vile vile, hauna salamu, hauna neno. Mama aliupokea, akausimamisha nyuma ya mlango wa chumba chake, akaenda kumenya muhogo. Mimi nikaenda kwangu nikalia.

Sasa sikiliza yaliyofuata.

Unakumbuka mama alikuwa analalamika kichwa tangu zamani kidogo. Tulishamzoea. Kichwa upande wa kulia, kinaanzia kwenye kipaji cha uso, kinashuka nyuma ya sikio, kinakamata shingo mpaka begani. Akipimwa malaria hana. Presha, ya kawaida. Macho akapewa miwani, kichwa kikamuuma na miwani yake. Majirani kila mmoja na lake: huyu anasema kipandauso, yule anasema jini la baharini, mwingine akamtafutia wa kumpiga hijama. Akapigwa. Akachuliwa shingo kwa mafuta ya nazi na karafuu mpaka nyumba nzima inanuka pilau. Akafunga kitambaa kichwani, akakikaza, akaendelea na kazi. Na sisi tukasema aah, mama na kichwa chake.

Wewe ulipoondoka nikaanza kula kwake mchana, maana sikutaka akae peke yake na ule mkeka. Ndipo nikaanza kuona. Kwanza chapati. Mama anayependa chapati kavu, anailoweka kwenye chai mpaka inakuwa uji, anaikata vipande vya kumlishia kifaranga. Anatafuna upande mmoja tu, polepole, na kila akitafuna kuna kitu kinalia karibu na sikio lake, ta, ta. Nilikisikia nikiwa nimekaa upande wa pili wa sinia! Akipiga miayo, anashika kidevu kwa chini kwa mkono, kama anaogopa kitadondoka. Na asubuhi moja nilimpelekea uji, nikamwona anauvuta kwenye ncha ya kijiko cha chai, maana kijiko kizima hakipiti. Mdomo haufunguki, Yasini. Unafika mahali unagoma.

Nikaweka sinia chini. Nikamuuliza palepale kama siku ile Mtanda alikataa au alishindwa. Akaniambia niache mambo yaliyopita. Nikamwambia siachi. Akajitia hamnazo, akaniuliza kama nimewapa kuku maji. Nikamwambia basi twende hospitali, hataki. Kituo cha afya, hataki. Na alivyokuwa anakataa haikuwa kule kukataa kwake kwa kusumbua tu. Aliogopa. Mama yetu, aliyemfukuza mwizi kwa mchi!

Basi nikamhadaa. Nikamwambia jino langu linaniua, nina woga, anisindikize. Hapo hakuwa na njia. Mama hawezi kumwacha mtoto wake aende kung'olewa jino peke yake, hata kama mtoto mwenyewe naye ana watoto wake. Tukaenda kliniki ya meno. Kuna daktari wa meno anakuja, binti mmoja anaitwa Scholastica, mwembamba, sauti ndogo, ameshika tochi. Nikakaa kwenye kiti chake, akaniambia nifungue, nikamwambia mgonjwa si mimi, ni huyu hapa. Halafu nikasimama mlangoni, nikauziba. Umbo hili Mungu alinipa kwa sababu.

Mama alinitazama jicho la kuniua. Daktari akacheka, akamkalisha taratibu, na hakuanza na meno. Alimuuliza anaumwa saa ngapi zaidi, akiamka au jioni. Analalia upande gani. Anatafuna wapi. Sikio linaziba? Aliangalia masikio kwa tochi, masafi. Akamgusa mashavu, akapanda kwenye kipaji, akashuka shingoni, na kila alipobonyeza mama alikunja uso. Halafu akaweka kidole kimoja mbele ya kila sikio, akamwambia afungue mdomo polepole kadiri awezavyo. Nikaona kwa macho yangu taya la mama linakwenda upande, halafu linakwama. Akaniita na mimi niweke vidole pale nisikie. Nikasikia.

Na wewe hebu jaribu sasa hivi, usione aibu, Ambrosi hatakucheka. Weka vidole mbele ya masikio, fungua na ufunge mdomo. Unasikia kitu kinacheza? Hicho ndicho kiungo cha taya. Kinafanya kazi kutwa, kula, kusema, kumeza mate, na hakuna anayekikumbuka. Daktari alieleza kwamba ndani yake kuna kipande laini kama kigegedu cha sikio, na cha mama kimeteleza mahali pake. Akifungua mdomo kinamzuia. Na ile misuli inayofunga taya inapanda mpaka kwenye kipaji, na ikichoka inaikokota na ya shingo. Ndiyo maana kichwa, ndiyo maana sikio, ndiyo maana bega. Alisema watu wengi hutibiwa kichwa miaka, na kumbe maumivu yanatoka tayani. Akasema pia kwamba si kila kichwa ni taya, kwa hiyo akatutuma tukapige picha apate uhakika. Tukapiga. Haikuonyesha kitu kibaya.

Tuliporudi na picha akamuuliza mama kazi yake. Mama akasema hana kazi, anasuka mikeka. Daktari akamwambia amwonyeshe anavyosuka. Basi mama akainua mikono, na papo hapo, bila kufikiri, akauma meno ya nyuma upande wa kulia na kuvuta kichwa pembeni. Daktari akaniangalia, nami nikamwangalia. Maisha yetu yote tumemwona mama anashika ukindu kwa magego akiuvuta ukaze, mikono yote miwili ikiwa imeshughulika, na hatujawahi kuona kitu. Daktari akauliza kama karibuni alisuka kuliko kawaida. Nikamjibia mimi. Nikasema alisuka mkeka wa mkwewe. Mkeka ambao humchukua masika mazima, huo aliusuka mbiombio, asubuhi mpaka jioni, na akilala nasikia kwenye ukuta tunaochangia anasaga meno.

Daktari akasema si mkeka peke yake, na wasiwasi nao hukaza taya, lakini kazi ile ilikimaliza kiungo kilichokuwa kimeshachoka. Kwa hiyo mkeka waliourudisha wenyewe wakidhani mama amewadharau ndio uliomfunga mdomo asile chakula chao. Nilitamani ungekuwepo usikie.

Dawa yenyewe si ya kutisha. Vidonge vya maumivu kwa muda. Kitambaa cha maji ya moto shavuni. Vyakula laini, avikate vidogo, asifungue mdomo sana, akipiga miayo ashike kidevu, na hilo alishajifundisha mwenyewe maskini. Midomo ifungwe lakini meno yasigusane. Hilo limenishangaza, kumbe meno hayatakiwi kugusana ila wakati wa kula. Na mazoezi ya kufungua mdomo taratibu mbele ya kioo. Ukindu kwa meno, marufuku. Ametengenezewa na kikinga cha plastiki cha kuvaa akilala. Akikivaa anafanana na bondia.

Sasa nije kwenye lililonifanya nichukue kalamu.

Daktari alipomaliza kueleza, mama akamuuliza kama ana hakika si uvimbe. Akajibiwa si uvimbe. Akauliza tena. Akajibiwa. Akauliza mara nyingine, daktari akadhani hajaelewa, akaanza kumchorea kwenye karatasi. Mama akaangua kilio, kilio cha kucheka na kulia pamoja, mdomo wenyewe haufunguki, machozi yanamtiririka. Nikamtoa nje tukakaa kwenye benchi, na hapo ndipo alipofungua moyo wake.

Unamkumbuka Mama Mkubwa Mwanahija? Humkumbuki, ulikuwa bado unatambaa. Dada yake mama. Alikufa kwa uvimbe wa kichwani. Na ulianza hivyo hivyo, akasema mama: kipaji cha upande mmoja, kisha sikio, kisha shingo, mwishowe mdomo ukawa haufunguki, akawa analishwa kwa kijiko. Aliyemlisha ni mama. Basi mama alipoanza kusikia taya linakwama, aliamini umemfikia na yeye. Hakumwambia mtu. Aliona akienda hospitali watalitaja gonjwa hilo kwa jina lake, na likishatajwa, wewe utaacha posa, utaacha kazi, utamkalia kitandani, na Justa atasubiri mpaka achoke.

Ndiyo maana alikuharakisha. Wewe ulijiuliza sana, na mimi nilijiuliza. Mwanzo alisema mngoje mpaka umalize kuezeka nyumba yako ya Miteja, halafu ghafla akawa hataki kusikia habari ya kungoja, posa iende sasa hivi, mkeka usukwe sasa hivi. Wewe ukasema anatafuta pa kuivunjia. Mwenzio alikuwa anakimbizana na kifo chake.

Na asubuhi ya Mtanda, basi lilipofika Kiranjeranje alipiga miayo, taya likakaza moja kwa moja. Akadhani ndiyo siku yenyewe. Angeweza kusema turudi. Hakusema. Akafunga kanga mdomoni, akaenda hivyo hivyo mpaka Lindi, akaingia nyumba ya watu akijua hawezi kula wala kusema, kwa sababu alihofia kwamba nafasi nyingine haitakuwepo. Tonge lilipoletwa aliona likimgusa atapiga yowe mbele ya wakwe. Akageuka ukutani.

Mimi, Yasini, sikulala kwa kuwaza tu. Kesho yake nilipanda basi peke yangu kwenda Mtanda. Mzee Edwin alinipokea kwa adabu ya baridi, hakuniambia niketi, nikasema nikiwa nimesimama. Nilisema yote, kuanzia chapati mpaka picha. Nikaweka vidole mbele ya masikio yangu nikawaonyesha, na Justa, yuko kwenye kizingiti, nikamwona naye anaweka vidole vyake, anafungua mdomo, anasikiliza. Mama Anjelina alikuwa anachambua kisamvu. Hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza. Akaniambia kwamba tangu siku ile amekuwa akinawa mikono mara mbili mbili, akiinusa, akijiuliza mikono yake ina nini hata binadamu mwenzake aigeuzie uso. Alisema hivyo kwa sauti ya chini, akalia, nami nikalia, na Mzee Edwin akaenda kuangalia kitu nyuma ya nyumba ambacho sidhani kama kilikuwepo.

Alipofuta machozi aliuliza swali moja tu: mama anakula nini sasa. Nikasema uji. Weeh! Nilikoma. Aliniuliza mimi ni mtoto wa aina gani, mtu mzima anaishi kwa uji kana kwamba hana watoto, na maboga yapo, na samaki wa kuchambua wapo, na kisamvu kikipondwa vizuri hakihitaji hata meno. Akainuka, akaanza kufunga safari. Wamekuja Alhamisi, yeye na Justa. Wapo hapa mpaka sasa.

Nilidhani wakikutana watapeana mikono, wataulizana hali, aibu itapita yenyewe. Mama akawakalisha barazani, akaniambia na mimi nikae. Taya limelegea kidogo sasa, anasema polepole, neno moja moja, unalingoja. Akamwambia Mama Anjelina kwamba kuna maneno alikwenda nayo Mtanda, aliyarudia moyoni tangu Nangurukuru, akashindwa kuyatoa, na hataki kubaki nayo.

Akasema siku ile hakwenda kuposa. Posa ilikuwa ya Mjomba Khamisi. Yeye alikwenda kukukabidhi. Alitaka baada ya kula amwombe Mama Anjelina faragha awe mama yako, kwa kuwa yeye hatakuwepo muda mrefu. Na alikuwa amepanga amweleze jinsi ya kukaa nawe. Akayasema yote pale barazani, Yasini, na mimi dada yako nikiwa nimeziba mdomo kwa mtandio. Kwamba ukikasirika hujifungia, wasikugongee, wakuwekee chakula mlangoni waondoke, utatoka mwenyewe. Kwamba homa ikikupata husemi, mpaka mtu akushike shingo. Kwamba ulifiwa na baba ukiwa mdogo na hukulia, ndiyo maana mpaka leo unalia hasira. Kwamba una maneno makali lakini hayana mizizi. Kwamba ukimsemea mama vibaya usihesabiwe, maana ni kwa mama tu ndiko unakothubutu.

Hilo la mwisho aliliongeza hapa barazani. Halikuwepo alipokwenda Mtanda.

Mama Anjelina alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba yeye hapokei mtoto ambaye mama yake yu hai na anakula maboga, ila kama ni kugawana, watagawana. Mama akacheka, akashika shavu kwa maumivu, akacheka tena.

Mama alinikataza nisikuandikie habari hizi. Hataki ujue kwamba alikuwa anajiandaa kufa, na hataki ujione mkosa. Nimemkaidi, na nitamkaidi tena. Sikuandikii uje kuomba radhi. Hakuna anayekudai hiyo, na ukianza kupiga magoti utatupotezea muda wa kupika. Nakuandikia uje. Ambrosi anageuza lori huko kwenu kesho kutwa, Jumanne asubuhi, nimeshamwambia kiti cha mbele ni chako. Harusi haijavunjika, wanaume wamekwisha kupigiana simu, na Mjomba Khamisi ameshaanza kujivuna kama yeye ndiye aliyesuluhisha.

Nisalimie wote wanaokufadhili huko, hasa huyo mama anayekuuzia chai, mwambie Mungu amlipe kwa kukuweka hai. Mjomba anakusalimu. Watoto wanakusalimu na wanauliza kama Likawage kuna tembo kweli. Justa nimempa kalamu aongeze neno, amekataa, amesema ya kwake atakuambia mwenyewe ana kwa ana, na kwa alivyolisema hilo ningekuwa wewe ningejiandaa.

Mama zako wawili wamekaa barazani hapa nje, wanabishana nani atakupikia siku ya kwanza ukifika. Wa kwako hawezi kubishana muda mrefu, taya linamchoka. Njoo umsaidie.

Ni mimi dada yako akupendaye hata ukinuna,

Mwanaheri.